Leseni ya Kuwinda na Nyama Iliyomo Chunguni

Masika yanapokwisha, na majani ya Usangu na Pawaga yanapoanza kukauka, ndipo khabari za uwindaji zinapoanza kusikika katika miji ya Mbeya na Iringa. Msimu hufunguliwa kwa desturi mwezi wa Julai. Wakati huo majani yamekuwa mafupi, mwindaji aweza kuona alipigalo, na wanyama wengi waliozaliwa wakati wa mvua wamekwisha pata nguvu ya kukimbia na mama zao. Basi wenye bunduki huanza kuulizana: Je, mwaka huu leseni zitatolewa? Mgao wa wilaya yetu ni wanyama wangapi? Na kanuni zimebadilika au ni zile zile?

Ndugu msomaji huenda akasema, "Mimi sina bunduki, wala sijapata kuingia porini, yanikhusu nini mambo haya?" Twamwambia kwamba yanamkhusu sana, pengine kuliko yanavyomkhusu mwenye bunduki. Kwani mwindaji huijua sheria, ama kwa kuisoma ama kwa kuikimbia. Lakini mama aliye jikoni mjini Iringa, aliyeletewa mkono wa nyama kavu na jirani yake jioni, hana khabari ya leseni wala ya mgao. Naye ndiye atakayekutwa na chungu juu ya moto.

Sheria inayotawala jambo hili Tanzania Bara ni Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1974. Asili yake ni kwamba wanyama wa porini ni mali ya Jamhuri, wawe ndani ya hifadhi, au katika pori la kijiji, au katika shamba lako mwenyewe ulilolilima kwa jasho lako. Hapana amruhusuye mtu kumwua mmoja wao ila aliyepewa mamlaka hayo na sheria, na ruhusa yenyewe huandikwa. Na kitu chochote kinachotokana na mnyama huyo huitwa nyara ya Serikali. Watu wengi hudhani kuwa nyara ni pembe za ndovu na ngozi za chui, vitu vya matajiri. Sivyo. Katika sheria hii pembe ni nyara, na jino ni nyara, na ukucha, na mfupa, na unyoya, na yai. Na nyama vile vile ni nyara. Kipande kilichokaushwa moshini, kinacholingana na kiganja cha mkono, hakina tofauti na pembe kwa jina lake mbele ya hakimu.

Tena thamani yake haipimwi kwa mizani ya bucha. Katika mashauri ya namna hii afisa wa wanyamapori huja mahakamani na hati ya thamani, na hesabu hufanywa kwa mnyama mzima aliyeuawa, kwa dola za Marekani, kisha zikageuzwa shilingi. Katika jedwali lililotumiwa na mahakama baada ya kanuni za mwaka 2012, nyati ni dola 1,900, punda milia ni dola 1,200, na twiga ni dola 15,000. Kwa hivyo aliyekutwa na kilo mbili za nyama ya punda milia ameshitakiwa kwa nyara inayozidi shilingi milioni mbili. Na shitaka la kupatikana na nyara, likiisha kuingizwa katika sheria ya uhujumu wa uchumi, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 20 wala kisichozidi miaka 30. Hayo si maneno ya kutishia watoto. Wako watu walioingia gerezani vijana, na watatoka na mvi, kwa ajili ya nyama isiyojaza kikapu.

Jambo jingine lipasalo kujulikana ni hili: katika mashitaka mengi ni kazi ya mshitaki kuthibitisha kosa, lakini katika shitaka la nyara sheria humtaka aliyekutwa nayo aonyeshe kwamba aliipata kwa njia ya halali. Kusema "nililetewa" hakutoshi. Nani alileta? Leseni yake ni ya nambari gani, na ilitolewa na ofisi ipi? Mwenye kukosa majibu hayo amekosa ngao yake.

Wazee wa nyanda hizi hawakuzaliwa na mambo hayo. Wahehe na Wasangu waliwinda kwa mikuki, kwa nyavu na kwa mbwa, na mgawanyo wa nyama ulikuwa na adabu yake mbele ya mtwa au mkuu wa ukoo. Leseni ililetwa na Wajerumani. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kuwinda kwa kibali, na kutenga mapori yasiyowindwa. Waingereza wakafuata kwa sheria ya 1921, na ya 1940, na ya 1951, na kila sheria ilikuwa ndefu kuliko iliyoitangulia. Malipo na masharti yalipangwa kwa kipimo cha mtu mwenye bunduki nzuri na mshahara. Mkulima wa Idodi ambaye usiku kucha amelinda mahindi yake asiliwe na nguruwe-mwitu hakuwa na kimoja wala kingine. Basi likazaliwa neno lililo chungu mpaka leo, kwamba Mzungu akiua mnyama huitwa mwindaji, na mwenyeji akiua huitwa jangili. Hatuwezi kusema kuwa neno hilo halikuwa na msingi.

Walakini haifai kudhani kuwa kila kizuizi kilikuwa ni choyo. Katika wilaya ya Njombe, iliyokuwa sehemu ya Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini, simba walikula watu kwa muda wa miaka kumi na mitano, tangu 1932 mpaka 1947. George Rushby, Bwana Nyama aliyepelekwa kuwaua, alikadiria kuwa waliouawa walifika 1,500. Wenyeji walisema kuwa simba wale walitumwa na mganga mmoja aliyenyang'anywa cheo chake; Rushby yeye aliona sababu nyingine. Serikali ya wakati ule ilikuwa imeua na kufukuza wanyama wa porini kwa wingi ili kuzuia maradhi ya sotoka yasiteremke kusini, na simba walipokosa swala na nyati wakageukia vijiji. Anayetaka kujua kwa nini wanyama huhesabiwa kabla ya kuwindwa, na atazame Njombe. Pori likiisha wanyama, shida yake haibaki porini.

Baada ya Uhuru mambo yalifungwa na kufunguliwa mara nyingi. Mwezi wa Septemba 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji wote, na marufuku hayo yakaondolewa mwaka 1978. Jirani zetu wa Kenya walifunga mwaka 1977, na wao hawakufungua tena. Hapa kwetu ujangili ulizidi katika miaka ya 1980, ukatulizwa, ukarudi tena kwa nguvu baada ya 2009. Hesabu ya tembo wa Tanzania, waliokuwa kama 109,000 mwaka huo, ilishuka ikafika kama 43,000 mwaka 2014. Mwaka 2013 ilifanywa Operesheni Tokomeza, nayo ikasimamishwa upesi kwa malalamiko ya raia walioteswa na kunyang'anywa mali, na mawaziri wanne wakaondoka madarakani kwa sababu yake. Ukali wa adhabu tulioutaja juu umetoka katika miaka hiyo. Sheria ilikusudia kumnasa mfanyi biashara wa pembe. Lakini wavu hauchagui samaki, na mwenye kitoweo hunaswa pamoja naye. Kwa maoni yetu hili ni jambo la kutazamwa tena na wanaotunga sheria. Mtu aliyeua tembo kumi kwa bunduki ya kivita na mtu aliyepokea sahani ya nyama ya swala hawawi sawa katika mizani ya akili. Lakini maadamu sheria ndiyo hiyo, haimfai mwenye watoto kuijaribu.

Basi na tuitazame ramani ya nchi yetu, maana kosa kubwa huanza kwa kutojua pori lipi ni lipi. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilikatwa mwaka 1964 kutoka pori la akiba la Rungwa. Mwaka 2008 iliongezwa Usangu pamoja na Ihefu, hata ikapita kilometa za mraba 20,000. Na mwaka 2023 mpaka wa upande wa Mbarali ulirekebishwa baada ya mzozo mrefu na wanavijiji. Ndani ya hifadhi ya taifa hapana leseni ya kuwinda kabisa, hata kwa mwenye fedha. Katika mapori ya akiba, kama Rungwa yenyewe, na Lukwati na Piti upande wa Chunya, huwindwa kwa kibali tu, na khasa ndiko waendako wawindaji wa kitalii. Kisha kuna maeneo ya wazi na maeneo ya vijiji, na humo ndimo wenyeji wenye leseni hupangiwa pa kuwinda pindi zinapotolewa. Baina ya pori moja na jingine huenda pasiwe na ukuta wala senyenge. Pengine ni mto mdogo tu au alama ya jiwe. Mwindaji aliyejeruhi nyati upande wa kijiji akamfuata mpaka ndani ya hifadhi ameacha halali yake nyuma ya mto.

Iringa ina jambo jema la kukumbukwa hapa. Tangu katikati ya miaka ya 1990, vijiji vya tarafa za Idodi na Pawaga vilipewa mgao wao wa wanyama katika eneo la Lunda-Mkwambi, wakauuza kwa wawindaji wenye leseni wakaao nchini, na fedha zikaingia katika hazina za vijiji. Mradi ule uliitwa MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, na mwaka 2007 jumuiya yao ikapewa rasmi haki ya kutumia wanyama wa eneo lao. Haikuwa bila ugomvi, kwani penye fedha hapakosi maneno. Lakini kwa mara ya kwanza mwanakijiji aliweza kuona kuwa nyati aliye hai ana faida kwake, na kwamba karatasi ya leseni yaweza kuleta dawati shuleni.

Ama mabadiliko ya kanuni, hayo hayaji kwa tetesi za kijiweni, ingawa mara nyingi ndiko yanakosikiwa kwanza. Waziri wa Maliasili na Utalii hutoa kanuni, nazo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hivyo ndivyo yalivyopita mengi ya miaka hii. Katika kanuni za uwindaji wa kitalii za mwaka 2010 simba aliyeruhusiwa ni yule aliyetimiza miaka 6, ili madume wachanga wasiuawe kabla ya kulea kizazi. Julai 2016 ilianza kazi Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, iitwayo TAWA, ikachukua mapori ya akiba na kazi nyingi zilizokuwa za Idara. Mwaka 2017 waziri aliamuru vibali vya vitalu vya uwindaji vifutwe, vitalu vigawiwe kwa mnada. Na mnada huo ukaja kufanywa kwa mtandao. Mwaka 2020 zikatoka kanuni za kuuza nyamapori madukani, ili raia apate kununua kitoweo hicho kwa risiti badala ya kununua gizani. Kwa hivyo lililokuwa sawa msimu uliopita laweza kuwa kosa msimu huu. Leseni za wenyeji nazo zimepata kusimamishwa na kurudishwa. Asiende mtu porini kwa leseni ya mwaka jana, au kwa kuwa alimwona fulani akienda. Aende kwanza kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya yake, aulize mambo manne: kama leseni zinatolewa, mnyama gani na wangapi, eneo gani, na kuanzia lini mpaka lini. Kumiliki bunduki nako kuna kibali chake peke yake, chini ya Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kimoja hakitoshi badala ya kingine.

Vijana wetu wengine husema kwamba Mwenyezi Mungu ameviumba viumbe hivi kwa ajili ya watu, na kwamba mawindo ni halali kwa nassi ya Kurani. Basi Serikali inazuiaje? Maneno haya yana nusu ya ukweli. Ni kweli mawindo ni halali, na Sura ya Almaida imeyaeleza. Lakini sura hiyo hiyo imeyafunga kwa wakati na hali, ikamkataza kuwinda mtu aliye katika ihramu. Na Haramu ya Makka ni mahali ambapo mnyama hafukuzwi wala mti haukatwi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliiharimisha Madina vile vile baina ya pande zake mbili za mawe meusi. Kadhalika alilitenga bonde la Naqii liwe hima, malisho yaliyohifadhiwa kwa farasi wa Waislamu. Basi pori lililotengwa kwa maslaha ya watu wote si bidaa ya Wajerumani. Aliyezoea kusikia khabari za hima hashangai kuona bango la pori la akiba.

Na mwenye kulinganisha ataona kuwa sheria ya nchi na adabu za mawindo tulizofundishwa hukutana mahali pengi. Nchi inakataza kuwinda kwa sumu, kwa mitego na mashimo, kwa moto, kwa taa usiku, na kwa kumfukuza mnyama ndani ya motokaa. Fikihi nayo haimhalalishi mnyama aliyekufa kwa kunyongwa na kitanzi, wala aliyeanguka shimoni akafa, wala aliyekufa kwa sumu. Mnyama aliyenaswa na waya usiku, akakutwa asubuhi amekwisha kufa, ni mzoga. Hata mwenye waya angekuwa na leseni kumi, nyama hiyo haimfai Mwislamu. Hapa ndipo penye khatari kubwa ya nyama ya kuletewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya nyama iuzwayo kwa siri ni ya nyaya. Mleta nyama hatasema. Kipande kikikaushwa, hapana jicho litakaloweza kutambua kama kimechinjwa.

Kwa mwenye bunduki, ataje jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua; akimfikia mnyama angali na uhai, amchinje; na akimkuta amefia majini, amwache, kwani hajui kama ni risasi iliyomwua au maji. Wako wanazuoni wa zamani waliokuwa na shaka juu ya kombora la udongo, kwa kuwa huua kwa kuponda. Wengi wa zama hizi wamesema kwamba risasi hutoboa na kupenya kama mshale, kwa hivyo hali yake si moja na kombora. Mwenye kufuata lililo salama hukimbilia kisu. Kuua kwa mchezo tu, bila ya haja ya nyama wala kuzuia madhara, ni jambo lililokemewa, na mwenye kujipiga picha juu ya mzoga asioula na afikiri.

Tena si kila lililo katika leseni ni la kuliwa. Nyati, swala, pofu, kongoni na tandala hawana shaka. Ngiri ni katika jinsi ya nguruwe, na simba, chui na fisi ni wenye meno ya kurarua. Hao hawaliwi hata wakiandikwa kwenye karatasi. Twiga alileta mjadala katika madhehebu yetu ya Shafi: Imamu Nawawi alisema ni haramu, na Subki akamhalalisha, na wanafunzi wakashika kalamu. Kwa mkazi wa Iringa mjadala huo umekatwa na jambo jingine, maana twiga ni alama ya taifa na hawindwi, na tumekwisha itaja thamani yake mahakamani. Na anunuaye katika bucha la nyamapori lenye kibali ameepukana na askari, lakini bado ana suala moja la kumwuliza mwenye duka: nani alipiga, na nani alichinja?

Hatutaki kumsahau mkulima. Yuko Mbarali au Pawaga ambaye tembo wamemaliza shamba lake usiku mmoja, na anasikia kwamba akimgusa mmoja wao atafungwa. Sheria imemruhusu mtu kujikinga nafsi yake na mali yake na mnyama anayemshambulia; lakini akimwua, yampasa atoe khabari upesi kwa ofisi ya wanyamapori au polisi, na mzoga ni wa Serikali. Asikate nyama hata kidogo. Wengi waliokuwa na haki siku ya kuua waliipoteza siku ya kugawana. Kuna pia malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa roho ya mtu. Mtu akiziweka fedha hizo karibu na zile dola 15,000 za twiga, anaweza kufahamu kwa nini wanavijiji hunung'unika. Hata hivyo haki ndogo isidharauliwe: madai hupitia kwa mtendaji wa kijiji na afisa wa wilaya, nayo yataka kuandikishwa mapema, uharibifu ukiwa bado waonekana.

Limebaki jambo la nyumbani. Katika nyumba nyingi za wazee wa Iringa na Usangu kuna ngozi ya swala iliyotandikwa kuwa msala, imerithiwa kwa babu, imelainika kwa magoti ya watu watatu. Kuna pembe ya tandala ukutani, kuna usinga, kuna ngoma ya zamani. Vitu hivyo ni nyara kwa maana ile ile ya sheria, hata kama aliyemwinda mnyama alikwisha kufa kabla ya Uhuru, na kuvimiliki kwataka hati. Mwenye navyo asivichukue ndani ya basi kuvipeleka mjini, kwa maana njiani atakuwa ni mtu aliyebeba nyara bila karatasi. Aende mwenyewe kwanza, mikono mitupu, mpaka ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Aeleze alichonacho na alikipataje, na aulize njia ya kupata hati ya umiliki kabla kitu hakijatoka nyumbani.